Maneno ya Jiweni Hayajibiwi

Kilichonikatisha uvumilivu ni sauti ya vyombo. Vyombo tu, bila maneno ya mtu. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu hapa Ipagala napepeta mchele, na nyuma yangu uani mwanangu Neema alikuwa anaosha vyombo vya mchana: kijiko kinagonga bakuli, maji yanamwagwa, sufuria inasuguliwa kwa mchanga. Katika nyumba nyingine mzazi angeshukuru, mtoto anafanya kazi na hana kelele. Kwangu ilikuwa kama kusikia mvua inapiga bati halafu ukitoka nje unakuta jua. Neema hajawahi kuosha chombo kimya. Tangu mikono yake ifike kwenye beseni, kazi na maneno kwake ni kitu kimoja. Akiosha anasema yote: nani kampora penseli, kwa nini ugali wa jana ulikuwa na mabonge, mama anampenda mdogo wake kuliko yeye. Wiki ile nzima alikuwa anaosha kimya, na mimi nikajidanganya kwamba ni mafua. Siku hiyo nikaweka ungo chini, nikamwambia, "Sema basi, mama, nasikiliza." Hakugeuka. Akajibu kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni, "Mwalimu amesema mtu anayesema peke yake ni kichaa." Akasuuza sahani, akaipanga juu ya nyingine.

Hapo ndipo kamba ilipokatika. Nilikwenda wapi na nilifanya nini nitasema, sifichi. Ila kwanza niwapeleke kijijini kwa bibi yangu, karibu na Gulwe, kule reli inakopita. Bila kufika kule mtadhani mwalimu yule alikuwa na haki, na mimi ni mmoja wa wale kina mama wanaoshinda shuleni kugombana kwa sababu mtoto kanyimwa dawati la mbele.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa amekwenda kutafuta kazi Morogoro, akaniacha kwa wazazi wake likizo ya katikati ya mwaka, na likizo ikarefuka kama yanavyorefuka mambo ya watu wazima. Ulikuwa wakati wa kipupwe. Uwele ulikuwa umeshavunwa, mashamba yamebaki mabua, na upepo ulikuwa unakuja na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma vidole, mchana jua kavu, na jioni moshi wa kuni ulilala juu ya mapaa ya tembe, yale mapaa bapa ya udongo, kama blanketi. Mpaka leo nikinusa uwele uliosagwa sasa hivi, ile harufu ya karanga na ardhi kwa pamoja, nasikia njaa hata kama nimeshiba. Na uwele mwaka ule tuliunusa sana, kwa sababu injini ya mashine ya kusaga ya kijiji ilikufa. Fundi aliitwa, akaifungua, akaondoka na kipande chake, hakurudi. Wanawake wakalalamika siku chache, kisha kila mmoja akaenda kulifukua jiwe lake la kusagia pale alipolifanya kigoda au kiegemeo cha mlango.

Jiwe la bibi lilikuwa bado chumba cha nyuma, limekaa juu ya kitako cha udongo, katikati limeliwa na miaka mpaka limekuwa kama mtumbwi. Bibi alipiga magoti nyuma yake, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akaanza. Kwanza nikasikia jiwe tu, krrr, krrr. Kisha nikasikia bibi anasema. Nilidhani ananiita, nikaingia, "Abee bibi." Hakuniangalia. Alikuwa anaendelea: ng'ombe wanajua njia ya kurudi nyumbani jua likishuka, mbuzi wanajua, hata kuku wasio na akili wanajua, sasa mwenye ng'ombe na mbuzi na kuku sijui nani kamfunika macho huko kilabuni. Babu alikuwa nje ya dirisha, hatua chache tu, anasuka kamba. Alisikia kila neno. Nikangoja alipuke. Babu akakohoa, akaendelea kusuka. Unga ulipokwisha, bibi akasimama, akajikung'uta magoti, akamuuliza kwa upole kabisa kama anataka mlenda wa jana au apike mwingine. Babu akatia kidole kwenye ungo, akasugua unga, akasema, "Leo umelainika." Basi. Kesho yake alirudi kabla ya mbuzi.

Nilielezwa sheria nikiwa nachambua mboga. Maneno ya jiweni hayajibiwi. Mwanamke akiwa anasaga, anayo ruhusa ya kusema lililomjaa, juu ya yeyote, hata mume, hata mama mkwe, na anayesikia anyamaze. Usijibu, usicheke, usiyapeleke kwa jirani. Jiwe likisimama na maneno yamesimama, na atakayeyarudia baadaye huyo ndiye mgomvi. Nikauliza sasa kama hajibiwi, anasema ya nini? Bibi akaniangalia kama nimeuliza kwa nini tunakula. Akasema, "Hujibiwi kwa mdomo. Mdomo ni rahisi." Babu ndiye aliyenifundisha yaliyobaki. Alisema unga mwepesi wa chengachenga ni mke mwenye jambo dogo. Ukiona unga umekuwa laini kama poda, ujue amesaga muda mrefu, na ujue kosa lako ni kubwa, nenda ukajitafakari.

Miaka baadaye, nikiwa kidato cha tatu hapa mjini, mwalimu wetu wa Kiswahili alituandikia neno ubaoni: monolojia. Mazungumzo marefu ya mtu mmoja. Akatuambia jukwaani kuna mhusika anayesema akidhani yuko peke yake, anatoa ya moyoni ili hadhira iyajue, na kuna anayesema mbele ya wenzake na wenzake wananyamaza. Akaomba mfano wa maishani. Wenzangu wakataja mhubiri, mwanasiasa jukwaani, mlevi wa mtaani kwao. Mimi nikataja bibi yangu na jiwe. Darasa likaangua kicheko, nyuma mmoja akaigiza krrr, krrr. Mwalimu akawaacha wacheke mpaka wachoke, kisha akasema huo ndio mfano bora wa siku, kwa sababu mlevi hana anayenyamaza kwa ajili yake. Nilifeli mambo mengi kidato cha nne, hesabu ikiwemo, lakini hilo sijalisahau. Kinachofanya maneno ya mtu mmoja yawe mazungumzo na si wazimu ni yule anayeyapokea kimya.

Sasa nirudi Gulwe, kwa sababu mwaka ule kulikuwa na mtu mmoja nyumbani asiyeijua sheria. Mjomba Yona, mdogo wake mama, alikuwa ameoa msichana wa Kondoa aliyekutana naye akipeleka karanga sokoni kule. Zuhura alikuwa Mwislamu, mjomba Mkristo, wakaenda kuoana bomani, na ndoa ile haikumfurahisha mtu upande wowote. Kwao hawakuwa wamemkanyagia mlango tangu aondoke. Kwetu hakuna aliyemtukana, lakini hakuna aliyemwita jina. Alikuwa "Mkondoa." Mkondoa lete maji, Mkondoa funga ndama. Alikuwa mpole, anapiga goti akisema shikamoo, na alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana. Usiku na mchana alikuwa na hofu ya kukosea, na anayeogopa kukosea hakosi.

Siku moja bibi alikuwa jiweni, na zamu ya maneno ilikuwa ya ugali. Alisema kuna watu wanamwaga maji kwenye sufuria kama wanapanda mpunga. Alisema ugali wa nyumba hii ulikuwa unasimama wenyewe, sasa unalala chini kama mgonjwa. Ilikuwa ya kuchekesha, mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa nguo. Zuhura alikuwa jikoni. Akaja mbio, akapiga magoti mbele ya jiwe, akasema, "Nisamehe mama, nimekosa, sitarudia."

Jiwe likasimama. Sijawahi kuona uso wa bibi umepotea vile. Maana akijibu, yamekuwa ugomvi. Akinyamaza, amekataa kusamehe mtu aliyepiga magoti mbele ya mtoto. Kwa desturi yake hakuna njia ya tatu. Akajikung'uta unga, akatoka nje, uwele ukabaki jiweni nusu umesagwa. Jioni tulikula viazi. Zuhura alijua kusoma kimya kwa namna moja tu, ya kwao: akufukuzaye hakwambii toka. Kesho yake asubuhi nilimkuta amefunga nguo zake ndani ya kanga, anatazama njia ya kwenda stesheni. Mjomba alikuwa machungani na babu. Hakuwa analia. Aliniambia tu niwafikishie watu shikamoo zake.

Nilikimbia kwa bibi kumwambia. Bibi alikuwa anatwanga karanga, hakuacha kutwanga. Akasema, "Mwambie hajamaliza kazi. Uwele uko jiweni na leo ni zamu yake." Nikarudi mbio nikamweleza Zuhura yote nilivyoelezwa mimi: hajibiwi mtu, hatukanwi mtu, unasema tu, na bibi hakukukasirikia, umemchanganya. Akaniuliza kama namdanganya. Nikaapa kwa jina la mama yangu aliyeko Morogoro. Akaweka kifurushi chini pale mlangoni, hakukifungua, akaingia chumba cha nyuma.

Alisaga muda mrefu bila neno. Bibi akaja, akakaa kizingitini akimpa mgongo, akaanza kubangua karanga. Alimpa mgongo makusudi, nilikuja kuelewa nilipozaa wangu: uso wa mkubwa unaziba koo la mdogo. Babu akarudi, akaona hali, akakaa nje ya dirisha na kamba yake. Krrr, krrr. Mwisho Zuhura akaanza kwa sauti ndogo, ya kitu cha juu juu. Maji ya huku yana chumvi, nywele zake zinakatika. Upepo wa huku hauna adabu. Mlenda anaupenda lakini hajui kuukoroga, na hakuna aliyemfundisha, wanamcheka tu. Kisha jiwe likaongeza kasi na yeye akaongeza.

"Mimi nina jina," alisema. "Nilipewa siku ya saba, mbuzi alichinjwa, watu walikula. Zuhura. Nitazaa mtoto hapa, na mtoto atadhani mama yake anaitwa jina la mji, kama stendi ya mabasi. Na mama yangu mimi yupo, hajafa. Naogopa kuzaa sijamwona. Naogopa nikifa huku atasikia kwa watu."

Mikono ya bibi ikasimama juu ya karanga. Babu nje hakukohoa. Mimi nilitaka nimwite Zuhura, Zuhura, hata mara mia. Nikanyamaza. Akasaga mpaka punje ya mwisho, akafagia unga kwa mkono ukaingia kwenye ungo, akasimama amelowa jasho. Babu akapitisha kidole dirishani, akasugua unga, akaunusa. Akasema, "Huu ni laini kweli."

Jioni tulikula ugali wake, haukulala. Asubuhi babu alikuwa amemfunga mbuzi jike kamba mpya, ile aliyokuwa anaisuka. Bibi alitoka ndani na kanga yake ya sikukuu na viatu ambavyo huvaa kanisani tu. Mjomba Yona akauliza, "Mama, safari ya wapi?" Bibi akasema, "Kondoa. Kuna mzazi mwenzangu sijamsalimia." Akapita mlangoni, akakiokota kile kifurushi cha jana kilichokuwa bado kimefungwa, akakiweka kichwani yeye mwenyewe, na ndipo akageuka. "Zuhura," alisema, "tutachelewa basi." Ni hilo tu. Hakumwomba radhi, hakumweleza kitu, na Zuhura hakushukuru. Wakaondoka wanne, mjomba akiwemo, ukimhesabu na mbuzi. Waliporudi walikuwa na dumu la mafuta ya alizeti na maneno mengi ya bibi juu ya mzazi mwenzake anayeongea kama cherehani, na alizeti ya kule, na msikiti ulioko karibu na stendi ambako alikaribishwa kupumzika kibarazani akapewa maji. Mama yake Zuhura alikuja kwetu mtoto alipozaliwa, akakaa mwezi, wakasaga pamoja kwa zamu ingawa mashine ilikuwa imeshapona. Sijui walisema nini jiweni. Sheria ni sheria, hayapelekwi nje.

Msimu ule ndio uliobaki ndani yangu kuliko yote ya utotoni. Tulikuwa hatuna kitu cha kuonyesha watu, vumbi tulilila, lakini katika nyumba ile hata aliye chini kabisa alikuwa na mahali pa kusema mpaka mwisho. Leo nina bomba uani, nina jiko la gesi, unga nanunua wa pakiti umeshalainika bila kosa la mtu yeyote. Jiwe sina. Nikaona nisimnyime mwanangu kwa sababu ya kukosa jiwe, nikaifanya sheria ile iwe ya vyombo. Anayeosha anasema, wengine tunanyamaza, chombo cha mwisho kikisuuzwa yamekwisha. Mume wangu mwanzoni alicheka. Sasa hivi ni yeye anayedai zamu ya kuosha siku akigombana na bosi wake. Na Neema, kwa namna hiyo, nilijua alikuwa anaogopa mbwa wa jirani, nikaenda kuongea na jirani. Hakuniomba kamwe. Aliosha tu.

Usiku ule nilimhoji Neema mpaka akanieleza yote. Kosa lake shuleni ni moja, alidhani kila nyumba ina sheria hii. Siku ya zamu yake ya kufagia darasa alishika ufagio, akainama, akaanza kusema kama anavyosema kwetu. Alisema Rehema amejikojolea darasani na watu wamemcheka, na si kosa la Rehema, kwa sababu ukiomba ruhusa ya kwenda chooni unaambiwa ngoja kengele, na kengele iko mbali. Mwalimu wa darasa alikuwa mlangoni. Mtoto alimwona na akaendelea kufagia na kusema, kwa amani kabisa, kwa sababu ufagio ulikuwa bado unakwenda. Alipomaliza akamsalimia shikamoo. Mwalimu akaona hiyo ni jeuri ya ajabu. Dawati la Neema likageuzwa likatazama ukuta, karibu na mafagio. Darasa likaambiwa yule ni kichaa, anasema peke yake, atakayemjibu ataungana naye. Watoto wa darasa la pili wakatii. Wiki nzima mwanangu alikaa anatazama saruji.

Asubuhi baada ya ile siku ya vyombo nilikwenda. Mwalimu wa darasa alinikatiza kila nikifungua mdomo, akaniambia mtoto ana tatizo, nimpeleke akaombewe. Nikamuuliza Rehema naye akaombewe nini, kibofu? Nikapelekwa kwa mwalimu mkuu. Yeye alinikaribisha kiti kizuri, kisha akasema peke yake kwa muda mrefu kuliko bibi na debe zima la uwele: wingi wa watoto, uchache wa madawati, malezi ya siku hizi, wazazi wa siku hizi. Katikati alipokea simu, akaongea na ukuta huku ananyoosha kidole, na sikuona mtu aliyemwita kichaa. Alipomaliza akasimama, akaniambia asante kwa ushirikiano mama, na mimi nilikuwa sijasema sentensi nzima. Nilipotoka pale nikawaza: kule kwetu mnyonge alisema, wakubwa wakanyamaza. Hapa wakubwa wanasema, na mnyonge amegeuziwa ukuta. Halafu sisi ndio tumeendelea.

Nikaenda ofisi ya kata, kwa ofisa wa elimu. Mama wa makamo, meza imejaa mafaili. Akaniambia malalamiko yanapokewa kwa maandishi, akanipa karatasi. Nikaandika palepale kwenye benchi. Nilipomkabidhi nikamwomba kitu kimoja, niisome mwenyewe kwa sauti, na asinijibu mpaka nimalize. Alinitazama kidogo. Kisha akafunika kalamu yake, akaigeuza simu kifudifudi, akaweka mikono juu ya meza. Nikasimama, nikasoma:

"Mimi ni mama mzazi wa Neema, mwanafunzi wa darasa la pili. Nalalamika rasmi kwamba mwanangu ameadhibiwa kwa kusema kweli akiwa anafagia. Hakutukana mtu. Alisema mtoto mwenzake ananyimwa ruhusa ya kwenda chooni, na mpaka leo hakuna aliyesema kwamba ni uongo. Ameitwa kichaa mbele ya wenzake, na wenzake wamekatazwa kumjibu. Sipingi kutojibiwa. Nyumbani kwetu hatumjibu, lakini tunamsikiliza. Naomba dawati lake ligeuzwe litazame ubao. Naomba neno kichaa lifutwe mbele ya wale wale walioambiwa. Naomba mtoto anayetaka kwenda chooni aende. Barua hii sihitaji ijibiwe kwa barua. Kesho asubuhi nitampeleka Neema shuleni mimi mwenyewe, nitasimama mlangoni mwa darasa lao, na nitaangalia dawati linatazama wapi."